Mstari Wenye Fundo

Siku ya nne Bi Nanzia alikataa tena kula, na alikataa kwa adabu zake zote. Hakusukuma sahani, hakununa, hakufumba midomo. Alinawa mikono, akajifuta kwa pindo la khanga, akautazama ugali na mnavu uliotiwa maziwa, akausifu mkono wa mpishi, kisha akasema maneno yale yale ya juzi na jana: "Tumsubiri Mbonea." Mwanawe, Kajiru, alikuwa amechuchumaa mbele yake na bakuli la maji ya kunawia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mpima mashamba kwa kazi, aliyezoea kwamba kila kitu kina mpaka na kila mpaka una jiwe lake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumjua mtu yeyote aitwaye Mbonea.

"Mbonea ni nani, mama?"

"Anakuja."

"Anatoka wapi?"

Mama akamtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia naye hataki kumwaibisha. "Kaa na wewe ungoje, baba. Mtoto yule hachelewi bure."

Akili ya Bi Nanzia ilikuwa imeanza safari miaka miwili iliyopita, na safari yenyewe ilikwenda kinyumenyume. Kwanza alisahau mambo ya jana, nalo hilo halikumshtua mtu, maana jana ya mzee haina kazi kubwa. Kisha akasahau mvua za mwaka uliopita, kisha majina ya wajukuu, kisha akasahau kwamba Sangiwa, mumewe, alikwisha kufa, akawa anamtengea maji ya kuoga kila jioni. Siku moja akaacha kumtengea, na hakuna aliyejua kama ameukumbuka msiba au amemsahau marehemu. Jina la Kajiru hakulitaja tangu vuli. Alimwita "baba", neno ambalo mama humwita mwanawe wa kumzaa na pia humwita muuza mkaa anayepita, kwa hiyo Kajiru hakuweza kujua amewekwa fungu lipi. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alipokuwa peke yake shambani kwa watu, akivuta kamba ya kupimia, alijikuta akijiuliza kama mtu ambaye mama yake hamjui bado amezaliwa.

Mganga wa zahanati alikuja, akapima, akasema tumbo halina neno, damu haina neno, na mapafu ya mama yana nguvu kuliko yake yeye mganga. Ila mtu wa umri ule asiyekula, akasema huku akifunga mkoba, hafikishi wiki ya pili.

"Baba Tumsifu," alisema Nakunda, mke wa Kajiru, akiwa jikoni anaifunika sahani isiyoguswa, "huyo Mbonea, kama yupo, yuko Juu mlikotoka. Hapa Chini hatuna. Nenda ukamtafute."

"Na kama ni marehemu?"

"Basi tuletee habari zake, mama aambiwe amepatikana. Lakini kukaa hapa tunakodoleana macho na huku mgonjwa anaisha, mimi siwezi."

Kajiru akaondoka alfajiri.

Sasa, kuhusu Juu. Watu wa Chini husema Juu ni mwendo wa nusu siku. Watu wa Juu husema inategemea anayekuja ni nani. Wote wawili wamesema kweli, na mimi sitaki kuingia ugomvi wao. Kajiru alipanda akiwa na daftari lake la kazi, penseli mbili na cheti chake cha shule kilichoandikwa kwamba amezaliwa Juu. Alikuwa ameletwa Chini akiwa na miaka mitatu, na alichokumbuka cha huko ni kimoja tu: ukungu ukiingia mlangoni asubuhi na mtu akiufukuza kwa ufagio. Alipanda akiyapita mashamba ya kahawa, akayapita mashamba ya maharage, akaufikia ukungu wenyewe, akaingia. Ndani ya ukungu njia iligawanyika mara tatu, na kila ilipogawanyika alichagua, na kila alipochagua aliona baadaye kwamba zote zilikutana pale pale. Mpima mashamba hapendi vitu vya namna hiyo. Alisimama akaandika kwenye daftari: njia tatu, mwisho mmoja. Alipoisoma sentensi hiyo haikumsaidia kitu.

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa nyumba ya mawe yenye mlango mbele, mlango mwingine nyuma unaoelekea stoo, na saa ya ukutani iliyoonyesha saa nne kamili asubuhi. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mkongwe mwenye sweta la kijani, anachambua maharage kwenye ungo. Huyo alikuwa Bi Nakiete, karani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umefuata mhuri, mhuri umeliwa."

"Umeliwa na nini?"

"Mchwa. Wamekula mpini, wakaniachia mpira. Nagonga kwa kidole." Akamwonyesha kidole gumba, kweli kilikuwa cha bluu. "Hata kustaafu kwangu kuliandikwa kwenye kitabu walichokula. Ndiyo maana bado unanikuta. Karibu kiti, chai inakuja, ni saa nne."

Kajiru akajieleza. Akasema mama yake hali, na hatakula mpaka Mbonea apatikane. Akasema anataka kumtazama katika vitabu mtu huyo, na ikiwezekana atazame ukoo wote wa Sangiwa, maana baba yake alifariki na midomo yake imefungwa na mjomba aliyebaki ni bubu wa makusudi. Bi Nakiete alisikiliza bila kuacha maharage. Alipomaliza, karani akavuta kitabu kikubwa kilichokuwa mezani chini ya ungo, akapuliza maganda.

"Hiki ndicho cha sasa. Kila mtu mstari wake. Jina, mama, baba, mwaka, na hapa mwisho, alivyoondoka."

Kajiru akasoma kurasa kumi, akasoma ishirini. Sangiwa hakuwepo hata mmoja, lakini kitu kingine kilimsimamisha. Ile safu ya mwisho, ya kuondoka, ilikuwa karibu tupu. Kulikuwa na watu waliozaliwa miaka mia na thelathini iliyopita, na mbele yao pakavu, hapana tone la wino.

"Mama, huku hawafi?"

"Wanakufa sana, kwa sababu ya baridi. Ila kufa si jambo la karani." Akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Ukoo wako si wa kitabu hiki. Ngoja."

Akaingia stoo. Kajiru akabaki na saa ya ukutani. Mshale wa dakika ulikuwa umelala pale pale, ingawa saa ilisikika ikitembea.

Karani aliporudi na kitabu cha pili, Kajiru aliinuka ampokee, akasita. Sweta lilikuwa lile lile la kijani, lakini jipya, na aliyelivaa alikuwa mwanamke wa makamo, rika la Kajiru mwenyewe, mgongo umenyooka, nywele nyeusi ti. Kidole gumba kilikuwa safi. Kajiru akawa hajui aamkie vipi. Kuamkia shikamoo mwenzako ni kumzeesha. Kutoamkia mtu uliyemwamkia robo saa iliyopita ni kukosa adabu.

"Habari za tangu saa ile," alisema hatimaye.

"Nzuri, kaka. Sogeza kikombe nisimwage."

Hakueleza, naye Kajiru hakuuliza. Kuna mambo mtu huyaacha yapite kwa kuogopa kwamba akiyashika yatamshika na yeye. Akafungua kitabu. Hiki kilikuwa cha waliohama, kimeandikwa kwa mwandiko wa kulala, na katika ukurasa wa arobaini na moja akaliona jina la baba yake. Mstari ulisema hivi: Sangiwa, mkewe Nanzia, mtoto mmoja, Mbonea, umri miaka mitatu na zaidi. Wameshuka Chini.

Akausoma tena. Akausoma akiwa ameweka penseli chini ya kila neno.

Mtoto mmoja ameshuka, na mtoto huyo ni Mbonea. Mtoto mmoja amefika Chini, na mtoto huyo ni Kajiru. Kati ya Juu na Chini pana njia ya nusu siku, na katika njia hiyo mtoto mmoja amepotea na mwingine ameokotwa. Kajiru aliyapima maneno hayo alivyopima mashamba, akaanza pembe hii akazunguka hadi pembe hiyo hiyo, na kila mara hesabu ya mipaka iligoma kukutana. Kama Mbonea alishuka, yuko wapi? Kama Kajiru hakushuka, nani anakaa hapa kwenye kiti akinywa chai? Akafikiri baba na mama walimwacha Mbonea njiani. Labda aliugua, labda mvua ilikuwa kubwa, wakamlaza chini ya jabali, wakaendelea. Ndiyo maana baba alikufa na midomo yake imefungwa. Na Kajiru je, walimtoa wapi? Ni mtoto wa nani aliyelelewa miaka hamsini na moja kwenye nafasi ya mtoto aliyeachwa mvuani? Aliona aibu kwa jambo ambalo hakujua kama lilitokea, akawachukia wazazi wake kwa kitambo kifupi, na papo hapo akajichukia kwa kuwachukia.

Ndipo likamjia jambo la utotoni alilokuwa hajalifikiria tangu aote ndevu. Mama alikuwa na desturi, kila wakati wa kula, kumega tonge la kwanza na kumtia yeye mdomoni kwa mkono wake, akisema, "Hili la mwenzio." Kisha tonge la pili, "Hili lako." Baada ya hapo ndipo alimwacha ale mwenyewe, na ndipo mama naye alipogusa chakula. Kajiru alidhani kila mama hufanya hivyo. Alipofika miaka saba aliuliza mwenzie ni nani, akaambiwa ale asijibweteke, ugali unapoa. Akala. Alishiba chakula cha watu wawili utoto wake mzima, na majirani wakamwita Tumbo la Mgeni.

"Dada," akamwambia karani, "hapa pameandikwa mtoto mmoja. Mimi ni Kajiru. Mimi niko wapi?"

"Kajiru simjui. Hilo ni jina la Chini?"

"Ni jina la babu yangu. Liko kwenye cheti cha shule."

Karani akakipokea cheti, akakisoma mbele na nyuma, akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha picha ya maiti. "Makaratasi ya Chini tunayaheshimu," alisema. "Lakini huku mtu hazaliwi kwa karatasi. Ngoja nikuletee kitabu cha mwaka wa nzige."

Akaingia stoo mara ya pili.

Kajiru alijua kitakachotokea, na kujua hakukumpunguzia hofu. Mlango ulifunguka, akatoka msichana wa miaka ishirini hivi, sweta la kijani bado lina mikunjo ya dukani, kitabu amekikumbatia kifuani. Alipomwona Kajiru akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, kaka Sangiwa. Poleni na msiba."

"Mimi si Sangiwa," alisema Kajiru. Lakini aliposema aliisikia sauti yake, nzito kidogo puani, sauti ya baba yake kabla ya uzee. Akatazama mikono iliyokuwa juu ya meza. Ilikuwa na udongo mwekundu kwenye kucha, udongo wa mtu aliyechimba karibuni. Daftari halikuwepo, wala penseli.

Msichana alikuwa ameshafungua kitabu. Aliweka kidole juu ya mstari mmoja, na Kajiru akausoma juu chini: Mbonea, mama Nanzia, baba Sangiwa, mwaka wa nzige. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Kando ya kitabu msichana aliweka sindano na uzi mwembamba uliochunwa kwenye gome la mgomba.

"Huyu wa kwanza aliishi mwaka na miezi mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Na huyu mdogo sasa ana siku kumi na mbili, ndiyo?"

"Sijui," alisema Kajiru. Ilikuwa kweli tupu.

"Unajua utaratibu, kaka, lakini kazi yangu ni kuusema. Nikimfungulia huyu mdogo mstari wake, lazima kwanza nifunge wa nduguye. Na mstari wa mtoto haufungwi na baba, haufungwi na karani, haufungwi na shehe wala mchungaji. Mama yake anaingia hapa mwenyewe, anasema kwa kinywa chake, amekwenda. Akisema, naandika. Asiposema, mstari uko wazi, na anayezaliwa baadaye anaingia mle mle. Natoboa karatasi, napitisha uzi huu, nafunga fundo, tunaendelea. Atakuwa Mbonea. Umri wake utahesabiwa tangu mwaka wa nzige."

Basi ndiyo hivyo. Hapakuwa na jabali wala mvua wala mtoto aliyeachwa njiani. Kajiru alitaka kucheka kwa nafuu, kicheko kikakwama, maana jambo la pili lilikuwa linafuata nyuma ya la kwanza, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Alikuwa na mwaka na zaidi usio wake. Alikuwa ameanza kuzeeka kabla ya kuzaliwa. Kuna mtoto aliyekohoa mwaka na miezi mitatu ndani ya jina lake, akafa ndani ya jina hilo, na yeye akaingia likiwa bado na joto, jinsi mtu anavyoingia kitandani ambamo mwenzake ametoka sasa hivi. Mtu ni yule aliyezaliwa, au yule aliyeitwa? Akizaliwa mmoja na kuitwa mwingine, anayekufa siku ya kufa ni yupi? Na Kajiru, hilo jina la babu ambalo baba alimbandika walipofika Chini, ambako hapakuwa na mtu wa kuuliza, ni nguo tu juu ya nguo? Aliwaza pia, na hili liliwasha kama upupu, kwamba mbele yake kuna kalamu, wino haujakauka, na mstari wa chini yake ni mweupe. Hakuna mtu aliyewahi kupewa nafasi ya namna hii. Angeweza kusema neno moja na akazaliwa.

"Fungua mstari mpya," alisema. "Mtoto huyu apate wake."

"Sawa, kaka. Basi mwite mama yake. Yuko hapo kizingitini."

Kajiru akatoka nje. Ukungu ulikuwa umekaa uani, na kwenye ngazi ya mawe, mgongo kwa mlango, aliketi mwanamke kijana na mtoto mgongoni ndani ya mbeleko. Shingo yake ilikuwa nyembamba mno. Kando yake palikuwa na ndizi zilizopikwa, zimefungwa kwenye jani, zimepoa, jani limekunjuliwa upande mmoja na halikuguswa. Kajiru aliutambua ule ukaaji kabla hajaiona sura. Alikuwa ameuacha nyumbani alfajiri ile, juu ya mkeka, umri wa miaka sabini na minane.

"Nanzia," alisema, na kumtaja mama yake kwa jina kulimtia baridi. "Hujala."

"Nitakula."

"Watu wanasema tangu tuzike hujatia kitu kinywani. Na huyu ananyonya."

"Nitakula, Baba Mbonea. Mtu hali peke yake." Hakugeuka. "Tumsubiri."

Kajiru akachuchumaa mbele yake. Alikuwa msichana tu. Kama wangekutana Chini, barabarani, yeye na mvi zake, angemwita mwanangu. Aliona namna macho yake yalivyokuwa yakitazama njia, si kwa wazimu, kwa subira tu, subira ya mtu mwenye adabu ambaye hataki kuanza kula wenzake hawajafika. Na Kajiru alijua la kusema. Alikuwa amefundishwa sasa hivi: mwambie aingie ndani, aseme amekwenda, halafu mambo yote yanyooke, vitabu vya Juu vikubaliane na makaratasi ya Chini, na mtu mmoja asimame mahali pamoja. Lilikuwa neno dogo.

"Karani anakuita," alisema. "Ingia ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba amekwenda."

"Nani?"

Hapo ndipo alipokosea, kama kweli ni kosa. Angeweza kusema, mtoto wetu. Angeweza kusema, yule wa kwanza. Lakini alikuwa na siku nne na jina moja tu kichwani, amepanda nalo mlima mzima, likamtoka.

"Mbonea," alisema.

Mtoto mgongoni akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya mtoto wa siku kumi na mbili aliyeingiliwa na ukungu puani. Mwanamke yule akageuza shingo, akamtazama begani, akatazama kwa muda mrefu. "Huyu hapa," alisema taratibu. "Mbona huyu hapa." Na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukaenda pembeni, ukapapasa jani, ukamega kipande cha ndizi, ukakipeleka kinywani. Akatafuna huku machozi yanamtoka. Akamega kingine.

Kajiru alibaki pale mpaka jani likabaki tupu. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba kuzaliwa kwake kulikuwa hivyo, kwamba hakuingia duniani kupokewa bali kupokea zamu. Alilia na yeye, kwa macho ya baba yake. Kisha akaingia ndani.

"Atakuja kusema?" aliuliza msichana.

"Anakula," alisema Kajiru. "Lete uzi."

Sindano ilipita kwenye karatasi mara mbili. Fundo akalifunga yeye mwenyewe, kwa vidole vyenye udongo, akalikaza.

Alipoinua kichwa, Bi Nakiete mkongwe alikuwa mbele yake, kidole gumba cha bluu, anachambua maharage. Kitabu cha mwaka wa nzige kilikuwa wazi kati yao, kurasa zimekuwa kahawia, ukingo umetafunwa na mchwa. Kajiru akapitisha kidole juu ya mstari. Fundo lilikuwepo, gumu kama punje ya mtama.

"Umempata mtu wako?"

"Nimempata, mama. Lakini mimi sasa sijui niko wapi."

"Wengi hushuka hivyo hivyo." Akasukuma kitabu kando. "Mchwa wakimaliza hiki, nitanakili kingine. Ukitaka, nitawatenga. Wewe wako, yeye wake. Sharti ni lile lile. Mama yako bado ana kauli?"

"Anayo. Kila siku anasema tumsubiri."

"Basi unajua mstari uko wazi." Akamtazama mara ya kwanza bila utani. "Chai yako imepoa. Wahi, mwanangu, ni saa nne tu."

Na kweli ilikuwa saa nne.

Aliteremka mbio. Kichwani mwake maneno yaligongana, na mimi nayaandika yalivyokuja, sikuyapanga. Nimezaliwa mara ngapi. Baba alifunga fundo au mimi nilifunga. Kama ni mimi, basi nilijizaa. Kama nilijizaa, mbona mama anaumwa. Nikimwambia mimi ndiye Mbonea, nimemdanganya. Nikimwambia Mbonea amekufa, nimemuua mtoto na mama pamoja. Nikikubali kuitwa, Kajiru ataitwa na nani? Hana mwingine wa kumwita. Yule mwenye kumjua amemsahau tangu vuli. Njia iligawanyika mara tatu ndani ya ukungu na safari hii hakuandika chochote.

Alifika Chini jua likiwa utosini. Nakunda alikuwa ndiyo kwanza ameupua ugali. Alimtazama mumewe usoni, akampa bakuli la maji.

Bi Nanzia aliketi kwenye mkeka wake, mgongo kwa mlango. Midomo ilikuwa imepasuka. Alinawa, akajifuta, akausifu mkono wa mpishi kwa sauti iliyobaki nusu.

"Tumsubiri Mbonea," alisema.

Kajiru akaenda akakaa mbele yake, si kwa kuchuchumaa, akakaa chini kabisa, miguu ameikunja. Alijiona anasimama ukingoni mwa shamba la mtu mwingine, naye ndiye aliyeng'oa jiwe la mpaka.

"Nimekuja, mama," alisema.

Mama akayakaza macho. "Mbonea?"

"Naam, mama."

"Umechelewa."

"Njia ilikuwa ndefu."

"Umenawa?"

Akanawa. Maji yaliyobaki kwenye bakuli yalikuwa mekundu kidogo, Nakunda akayaona, akayamwaga. Bi Nanzia akavuta sahani. Mkono ulijua kazi yake: ulimega tonge, ukalifinyanga, ukalibonyeza shimo kwa gumba, ukachota mnavu. Kajiru akafungua kinywa, akingojea lile la mwenzio, kama zamani. Mama hakumtia mdomoni. Aliliweka tonge kwenye kiganja chake, akamfunika vidole, akamsogelea sikioni kwa siri, jinsi mama anavyozungumza na mtoto mkubwa mbele ya mdogo.

"Hili mpe mdogo wako kwanza," alisema. "Kajiru. Ananihudumia siku nyingi na yeye mwenyewe hali vizuri. Usimwambie nimesema."

Kajiru akalipeleka tonge kinywani, akala, na chumvi ilizidi kwa sababu ya machozi.

"Amekula?" aliuliza mama.

"Amekula."

"Haya. Na hili lako."

Akala na hilo. Bi Nanzia akawatazama mpaka wakameza. Kisha akamega tonge la tatu, akalichovya kwenye mnavu, akala.